Mnusaji wa Matangi

Katika uwanja ule wa kuvunja meli kulikuwa na winchi za kuvutia vyuma, kulikuwa na minyororo minene kama paja la mtu mzima, na mitungi ya gesi ilipangwa mistari mirefu nyuma ya ofisi. Kitu ambacho hakikuwapo ni kifaa cha kupimia hewa. Badala ya kifaa kulikuwa na mtu, na mtu huyo aliitwa Pua.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ungeliulizia getini, mlinzi angekwambia umepotea njia. Ungesema Pua, angekuonyesha kwa kidole kabla hujafunga mdomo: yule pale, mrefu, mabega yameinama, kofia ngumu ya njano imepauka hadi imekuwa rangi ya meno. Na pua yenyewe wala haikuwa kubwa. Wageni walimtazama usoni, wakaona pua ya kawaida kabisa, wakadhani wanataniwa.

Kazi yake ilitokana na uongo wa watu wengine. Meli zilizochoka zililetwa pale kuja kufa, zikapandishwa mchangani wakati maji yamejaa, na kila moja ilikuja na karatasi yake. Karatasi ilisema meli hii imesafishwa, haina sumu, haina mafuta, haina cha kumdhuru mtu. Ukiisoma ungedhani wameleta bibi harusi. Halafu wakataji wakibandua kuta za chumba cha mashine wanakuta asbesto imeshindiliwa kama sufi ndani ya godoro. Rangi ilikuwa na madini ya risasi, taa zilikuwa na zebaki, na huko chini kabisa, kwenye matangi, yalilala maji ya bahari na matope ya mafuta yaliyofungiwa miaka mingi hadi yakaoza. Walioandika karatasi walikuwa mbali, wanakunywa chai yao kwa raha zao. Mungu anawaona.

Sumu nyingi za meli zina subira. Vumbi la asbesto humkalia mtu kifuani miaka ishirini kabla hajaanza kukohoa, na kufikia hapo uwanja wenyewe umeshamsahau. Hewa ya matangi haina subira hiyo. Mtu anashuka ngazi akiwa mzima, anaongea, na kabla hajafika chini amekwisha. Ndiyo maana hakuna mkataji aliyekubali kushuka bila Pua.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Mfuniko wa tangi ulifunguliwa asubuhi, ukaachwa wazi. Baadaye Pua alipiga magoti, akaingiza kichwa hadi mabegani kwenye mdomo wa tangi, akavuta pumzi tatu: ya kwanza fupi, ya pili ndefu, ya tatu amefumba macho. Akisikia harufu ya yai viza, aliinua mkono, na watu wote wakakaa chini. Alirudi baada ya saa moja akanusa tena. Harufu ikitoweka, alisimama, akapiga bomba la chuma mara tatu kwa nyundo, akasema, "Safi!" Kabla ya milio ile mitatu hakuna aliyeshuka, hata msimamizi angepiga kelele mpaka ateme mapafu.

Heshima hiyo hakuiokota. Mwaka wake wa pili pale, akiwa bado mbeba mabati, alikataa kuingia chumba kimoja cha meli akisema pananuka. Wenzake walimcheka, lakini kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni kama gogo, hawakuweza kupita. Cheche ikaruka kutoka juu, na chumba kile kikalipuka kikiwa kitupu. Watu tisa walirudi makwao siku ile na nywele zao zote. Tangu hapo hakubeba tena bati. Alinusa kwa miaka kumi na tisa.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili na sebule, na nusu ya vitu vilitoka melini, kama ilivyokuwa kwa majirani wote. Dirisha la jikoni lilikuwa la duara. Viti vilikuwa vya mabaharia, vizito kiasi kwamba kuvisogeza wakati wa kufagia kulihitaji watu wawili. Mkewe alishona sare za shule kwa cherehani barazani. Mtoto hawakujaliwa, lakini mdogo wa mkewe aliletwa kwao akiwa na miaka tisa, baba yao alipofariki, na wakamlea hadi akaota ndevu. Mama mkwe alifuata baadaye, miguu ilipoanza kumsumbua, akapewa chumba chenye jua la asubuhi.

Huyo shemeji alikuja kuwa mkataji, na si mkataji wa kubahatisha. Alikata bati la chuma likaachana limenyooka kama limepigwa rula, wenzake wakambandika jina la Kinyozi. Yeye na Pua walikuwa mashemeji wa kutaniana asubuhi mpaka jioni.

"Shemeji, leo usiniwekee soksi zako karibu," Kinyozi alikuwa akisema mezani. "Hizo peke yake zinahitaji ufungue mfuniko uache saa tatu."

"Wewe kula," Pua anajibu. "Mtu asiyejua hata kuoa ananifundisha soksi."

"Nitaoa vipi? Nikileta mchumba utamnusa."

Mama mkwe alicheka hadi akajifuta machozi. Kijana yule ndiye aliyemfanya acheke. Mtoto wa mwisho, wa kiume pekee, mpole, mwenye kufanya jambo taratibu hata kuvua viatu. "Mwanangu hana papara," bibi aliwaambia majirani, kama mtu anayetaja cheo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ile pua. Haikufa siku moja. Ilianza kwa kuchelewa: chai ilimfikia mdomoni kabla ya harufu yake. Sabuni zote zikawa moja. Akajiambia ni mafua. Mafua yakakaa mwaka mzima, na yeye akaendelea kuyaita mafua.

Aliyegundua ni mkewe. Jioni moja alirudi kutoka kwa mteja akakuta maharage yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi, na mumewe amekaa hatua tatu kutoka jikoni, amegeuzia mlango mgongo, anatengeneza redio.

"Mume wangu, hunusi?"

"Ninuse nini?"

Mkewe alidhani ni mzaha. Akamwambia afumbe macho, akamletea kitunguu kilichokatwa. Pua alisema kitunguu, kwa sababu macho yalimwasha. Akamletea sabuni ya kufulia. Akatikisa kichwa. Akamletea kitambaa chenye mafuta ya taa. Pua alivuta pumzi tatu, fupi, ndefu, na ya tatu ambayo hakuhitaji kuifumbia macho kwa kuwa tayari yalikuwa yamefumbwa, akasema, "Sabuni."

Mkewe alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka.

"Waambie," alisema. "Kesho asubuhi waambie."

"Nitawaambia."

"Mdogo wangu yuko pale."

"Nimesema nitawaambia." Halafu akaitazama redio magotini, waya zimetoka nje. "Nikiwaambia, nitakuwa nani pale? Sina jina jingine."

Mwanamke alimhurumia. Hilo ndilo kosa lake, kama huruma ni kosa. Kesho ilifika, na kesho nyingine, na Pua hakusema. Na mtu asidhani alikuwa mzembe. Alijikaza kisabuni, akaanza kunusa kwa kila kitu isipokuwa pua. Aliangalia kama macho yanamwasha. Aliangalia kama kuna mende waliokufa karibu na mdomo wa tangi. Aliangalia rangi ya maji, na ladha ya chuma kwenye ulimi. Mifuniko aliiacha wazi mara mbili ya muda wa zamani, mpaka msimamizi akaanza kunung'unika kwamba Pua amezeeka, anaogopa kivuli chake. Kwa miezi saba hakuna aliyeumia. Akaanza kuamini kwamba anaweza.

Meli iliyomaliza mambo ilikuwa kubwa, nyekundu kwa kutu, na karatasi yake ilikuwa nzuri kuliko zote, yenye mihuri miwili. Kulikuwa na tangi chini ubavuni, lile la maji ambayo meli hubeba ili isiyumbe, na maji yenyewe yalikuwa yamekaa humo bila kubadilishwa sijui tangu lini. Msimamizi alitaka tundu likatwe kabla ya mchana. Wenzao wote walikuwa upande wa pili wakivuta mnyororo, winchi inanguruma, huwezi kusikia hata mawazo yako. Kwenye mdomo wa tangi walikuwa wawili tu, Pua na shemeji yake.

Pua alipiga magoti, akaingiza kichwa. Macho hayakumwasha. Hakuona mende. Maji chini yalikuwa meusi, lakini maji ya matangi ni meusi siku zote. Alivuta pumzi zake tatu, na kama ilivyokuwa kwa miezi yote ile, hakusikia kitu. Alisimama. Akapiga bomba mara tatu.

"Safi," alisema.

Kinyozi aliinama pale mdomoni kidogo, akajiweka sawa, akaanza kushuka. Alikuwa anaimba chinichini, kama kawaida yake. Kwenye ngazi ya sita au ya saba wimbo ulikatika. Halafu kukasikika kishindo kama cha gunia linalotupwa kutoka kwenye lori.

Pua alichungulia, akaona kofia ngumu na bega. Alipiga yowe moja lililosikika hata juu ya winchi. Kisha akajifunga kamba kiunoni, akajaza kifua hewa, akashuka. Hilo hakuna anayeweza kumnyima. Alimfikia, akampitishia kamba ya pili chini ya makwapa, akaifunga. Pumzi ilipomwishia alivuta moja tu, kidogo. Wenzao waliokuja mbio waliwavuta wote wawili. Mmoja aliamka hospitali jioni ile. Mwingine hakuamka.

Siku iliyofuata msimamizi alifika wodini na karatasi, na kalamu, na pakiti ya juisi.

"Pole sana, Pua. Pole mno. Sasa tuangalie mbele," alisema, akivuta kiti. "Hapa imeandikwa kijana alishuka kabla ya ishara. Ukisema wewe ndiye uliyemruhusu, unajitia kitanzi mwenyewe. Na uwanja unafungwa, watu wote wanakosa kazi. Yeye ameshaondoka. Maneno hayamuumi tena."

Ingefaa kusema kwamba Pua alikuwa na dawa kichwani, hakuelewa anachotia saini. Haikuwa hivyo. Aliisoma mara mbili. Alitia saini kwa mkono uliokuwa na sindano ya maji, taratibu ili isichomoke.

Msibani habari ilikuwa imetangulia. Watu walikuja, wakakaa, wakatoa pole, lakini pole zao zilikuwa na ncha. Walisema vijana wa siku hizi. Walisema kila mtu anaijua sheria ya milio mitatu. Wakataji wenzake walikaa pamoja karibu na ukuta na hawakusema mengi, kwa sababu mtu anayeshuka bila ishara anahatarisha na wenzake, na walikuwa na hasira ambayo hawakujua waiweke wapi. Mama mkwe aliyasikia yote. Alikuwa amekula chumvi nyingi, alikuwa ameshazika mume na dada wawili, lakini msiba huu ulikuja na doa na hakujua namna ya kulifuta.

"Mkwe," alimuuliza wageni walipotawanyika, "hukumwona alipoingia?"

"Sikumwona, mama."

"Hakukuambia kitu? Mwanangu alikuwa haingii hata chumbani kwangu bila kubisha hodi."

"Sikumwona."

Alimuuliza tena baada ya siku tatu. Alimuuliza tena wiki iliyofuata, wakati wa kula, wakati wa kuanika nguo, kwa maneno yale yale, kama mtu aliyepoteza ufunguo anayerudia kutafuta mfukoni alimokwishatafuta. Kila mara Pua alijibu, na kila jibu lilimtoka jepesi zaidi, na hilo lilimtisha kuliko yote. Mkewe alikuwapo mara nyingine. Alimwekea mumewe chakula mezani, akaondoka. Cherehani barazani ilinyamaza, na sare za watoto wa watu zilibaki hazijapindwa.

Wiki ya sita baada ya mazishi alikuja mama mmoja kutoka mbali, mtu wa mambo ya usalama, kutazama uwanja. Alivaa buti za kazi kama wanaume na mkononi alishika kidude cha njano kidogo kama redio ya mfukoni. Wafanyakazi wote waliitwa chini ya kivuli cha meli. Pua alikaa nyuma kabisa. Alikuwa bado hajarudishwa kazini, wanasema apumzike.

"Hiki ndicho kinachonusa," yule mama alisema, akiinua kidude. "Pua ya mtu haiwezi kupima hewa ya matangi. Sikilizeni vizuri. Ikiwa kidogo, utasikia yai viza. Ikizidi, inaua pua kwanza. Husikii chochote. Unadhani imekwisha, kumbe ndiyo imejaa. Kwa hiyo mtu akikwambia harufu imetoweka, hajakwambia chochote."

Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kumtazama Pua. Yeye alikuwa anatazama mikono yake. Miaka kumi na tisa. Mara zote zile aliponusa yai viza, akangoja, akarudi, akakuta harufu haipo, akapiga bomba mara tatu kwa mbwembwe. Mara ngapi hewa ilikuwa imetoka, na mara ngapi ilikuwa imemziba pua tu, na watu wakapona kwa bahati? Sifa zote alizopewa, heshima yote, alikuwa ameipata kwa kucheza kamari na maisha ya watu bila kujua. Aliishindilia mikono mchangani.

Lakini njiani kurudi nyumbani jambo jingine likamjia, na tusimfiche, lilimjia kama nafuu. Kama hakuna pua inayoweza, basi pua yake mbovu haikumuua mtu. Hata angekuwa mzima kama siku ya kwanza, angesema safi. Alianza kutembea haraka. Alimkuta mkewe amekaa kwenye cherehani, mikono mapajani, akamwambia yote palepale barazani, akihema: yule mama, kidude, yai viza.

"Unaona?" alisema. "Hata mwenye pua nzima asingenusa."

"Ninajua," mkewe alijibu. "Mwenye pua nzima alinusa, na hakusikia kitu."

Pua hakuelewa.

"Nilimwambia," mwanamke alisema. Aliongea na sindano ya cherehani, si na mumewe. "Miezi minne kabla. Nilimwambia pua ya shemeji yako imekufa, usishuke kwa neno lake. Unajua alichonijibu? Akasema, 'Dada, usimwambie kama najua, atafedheheka. Mimi nitakuwa nanusa nyuma yake.' Kila siku alikuwa ananusa nyuma yako. Ndivyo mlivyokuwa mnapona."

Na hapo Pua akamwona, kwa macho ya akili, kila siku kwenye kila mdomo wa tangi, kijana anainama kidogo kabla ya kushuka, kama anayefunga kamba za viatu. Buti za mpira hazina kamba. Miezi minne yule kijana alikuwa anafunga kamba zisizokuwepo ili mtu mzima asione haya.

Alilia. Alilia kwa sauti, mtu mrefu vile, ameegemea nguzo ya baraza lake mwenyewe, na majirani waliokuwa wanapita waliangalia pembeni. Alilia kwa sababu alipendwa kiasi kile na hakujua, na kwa sababu mtu aliyempenda hivyo, yeye alikuwa amempaka matope kwa saini yake mwenyewe.

Walipotulia, waliingia wote wawili chumbani kwa mama mkwe. Bibi alikuwa amekaa kitandani amenyoosha miguu, anajipaka dawa magotini. Chumba chote lazima kilinuka dawa ile. Pua alikaa sakafuni.

"Mama, hakushuka bila ishara. Mimi ndiye niliyempa ishara. Nilipiga mara tatu, nikasema safi. Na pua yangu ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilisaini uongo."

Bibi aliendelea kupaka dawa goti moja hadi akalimaliza. Akafunika kopo.

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna," Pua alisema haraka.

"Mimi nilijua, mama," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Na mdogo wangu nilimwambia. Naye alijua."

Mwanamke mzee alimtazama binti yake kwa muda. Kisha akatazama ukuta.

"Kumbe nyumba nzima ilijua," alisema. "Mimi nilikuwa nawapikia chai, nawaombea mrudi salama. Nyumba nzima inajua." Alirudisha kopo la dawa mahali pake. "Mkwe, umeniambia mimi. Mimi sikuwahi kumwita mwanangu mzembe. Kesho utanipeleka kwa waliomwita."

Asubuhi iliyofuata, wafanyakazi walipokusanyika getini kuitwa majina, Pua alifika amemshika mama mkwe mkono, hatua kwa hatua, miguu ile mibovu. Msimamizi alianza kusema kwamba wageni hawaruhusiwi. Bibi alimtazama tu, naye akanyamaza, maana kuna watu ambao hata msimamizi ana haya nao. Pua alivua kofia.

Hakusema kwa ufundi. Alianza katikati, akarudi nyuma, akasahau neno. Lakini alisema yote: sabuni na mafuta ya taa, bomba mara tatu, kalamu ya wodini. Alisema Kinyozi alishuka kwa ishara, kama fundi yeyote mwenye adabu, na kwamba kwa miezi minne Kinyozi ndiye aliyekuwa akiwanusia wote bila kupiga bomba lolote. Msimamizi alisema faili limeshapelekwa, haliwezi kurudi. Mkataji mmoja mkubwa, aliyekuwa amekaa ukutani msibani bila kufungua mdomo, alivua kofia, akaja mbele ya bibi, akampa mikono yote miwili.

"Pole, mama. Kijana wako alikuwa fundi. Tusamehe."

Wakaja mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kusema kitu chake kuhusu marehemu, mkato aliomsaidia, wimbo aliopenda. Bibi alisimama muda wote ule, akawapokea wote. Nyuma yao mtu mmoja aliuliza, si kwa ubaya, ni kwa sababu kazi ilikuwa inangoja: "Sasa leo nani atatunusia?" Yule mama wa usalama alikuwa ameondoka na kidude chake. Baadaye, Pua alisikia, walifungua mfuniko wakangoja hadi alasiri, wakashuka hivyo hivyo.

Waliporudi nyumbani, mama mkwe alifunga nguo zake kwenye shuka. Alisema anakwenda kwa mpwa wake, mji wa pili. Binti yake alipika, akaandaa, akabandika chai, akaja akasimama mlangoni pa chumba. Bibi alipita karibu naye kama anayepita karibu na kabati. Alimwita mkwe ambebee mzigo hadi kituo cha basi.

Kituoni Pua aliweka mzigo chini, akaomba msamaha, na bibi akampa mkono.

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Wewe ni mtu wa kuja. Ulikosea, ukasema. Umenirudishia jina la mwanangu." Basi lilikuwa limeshawasha injini. "Lakini yule alinyonya ziwa moja naye. Alijua, akakaa na mimi jikoni, tunachambua mchele, anajua. Mwambie simlaumu. Nitamwambia mwenyewe, siku nitakayoweza kumtazama."

Pua hakunusa tena. Alipata kazi ya kuosha magari, kazi nzuri tu, na watu wa huko walimwita kwa jina lake. Mama mkwe aliishi mwaka mmoja na miezi minne baada ya hapo. Kila Ijumaa alipiga simu kumjulia hali mkwewe. Aliuliza kifua, aliuliza kazi, aliuliza kama mvua imenyesha huko, kisha akaaga. Na kila Ijumaa, simu ilipolia, mkewe aliacha cherehani, akaja akakaa karibu na mumewe, begani kabisa, akainamisha kichwa ili asikie sauti ya mama yake ikiongea na mtu mwingine.